Virusi Hubadili Koti, Lakini Mifupa Ni Ile Ile



Tukitembelea vikundi, kuna swali moja ambalo hutujia mara kwa mara. Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi ni baada ya mkutano kufungwa, akina mama wakikusanya vikombe vya chai. Swali lenyewe ni hili: "Tumesikia ati virusi vya UKIMWI si vya aina moja. Vya Wazungu ni vingine, vya kwetu ni vingine. Sasa hizi dawa zilianzia kwao. Je, kweli zinatufaa sisi?"

Hili si swali la mchezo. Mtu akisikia nusu ya habari, anarudi nyumbani na kuficha kopo la dawa chini ya kitanda. Kwa miezi michache anaonekana mzima, hata anatania wenzake wanaomeza. Halafu anaanza kukohoa, anapungua, na kikundi kinachanga pesa za gari la kumpeleka hospitali. Kwa hivyo tumeona afadhali tulijibu swali zima, pole pole, bila kuficha kitu.

Jibu kwa ufupi ni hili. Ni kweli kwamba virusi ni vya aina nyingi. Si kweli kwamba dawa hazitufai. Ukitaka kujua ni kwa nini mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli pamoja, ni lazima uangalie umbo la protini za kirusi.

PROTINI NI KAMA USHANGA

Tukisema protini, wengi wetu tunafikiria maharagwe, mayai na omena. Hizo ni sawa. Lakini kila kitu chenye uhai kinajengwa kwa protini, hata kirusi.

Protini ni kama uzi wa ushanga. Kuna shanga za aina 20, nazo huitwa asidi za amino. Zikishapangwa kwenye uzi, uzi wenyewe hujikunja na kupata umbo lake. Mwingine unakuwa kama mkasi, mwingine kama ufunguo, mwingine kama ukuta. Ukibadilisha ushanga mmoja mahali pasipo na kazi kubwa, umbo linabaki karibu vile vile. Ukibadilisha ushanga ulio kwenye jino la ufunguo, mlango haufunguki tena. Shikeni jambo hili, maana tutalirudia.

MIIBA JUU YA KIRUSI

Kirusi cha UKIMWI ni kidogo mno. Ukipanga virusi 8,000 hivi katika mstari mmoja, ndipo utapata milimita moja. Kwa nje kina ngozi ya mafuta, na juu ya ngozi hiyo kuna miiba michache, kama 14 hivi. Kila mwiba umejengwa kwa kofia tatu na mashina matatu. Kofia inaitwa gp120 na shina linaitwa gp41.

Kofia ndiyo ufunguo. Inashika kwanza kitasa kilicho juu ya askari wa mwili, kile kinachoitwa CD4. Wale wanaokwenda kliniki wanajua jina hili, kwa sababu askari hawa ndio waliokuwa wakihesabiwa kila mara. Ikishashika CD4, kofia inajigeuza na kushika kitasa cha pili, ambacho kwa kawaida ni CCR5, na kwa virusi vingine ni CXCR4. Hapo shina linavuta ngozi ya kirusi na ngozi ya askari zikutane, na mwizi anaingia ndani.

Sasa kumbe kofia hii ina sehemu za namna mbili. Kuna vitanzi vitano vinavyoning'inia nje. Wanasayansi wanaviita V1 mpaka V5, na hivi hubadilika ovyo ovyo. Tena kuna sehemu iliyojificha katikati, ile inayoshika CD4. Hiyo haibadiliki sana, maana ikibadilika, kirusi hakiwezi kuingia popote na kitakufa bila watoto.

Isitoshe, kofia imefunikwa na sukari. Karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na sukari hiyo imetengenezwa na mwili wetu wenyewe. Askari wakiitazama wanaona kitu cha nyumbani. Ni mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo.

Tuchukue mfano mmoja. Kwenye ncha ya kitanzi cha tatu, V3, kuna shanga nne zinazofuatana. Katika virusi vingi vya Ulaya na Marekani, ushanga wa nne huitwa ajinini. Katika virusi vingi vya kwetu, ushanga huo ni glutamini. Ni ushanga mmoja tu! Lakini umetosha kuzifanya silaha fulani za mwili, zile zinazoitwa kingamwili, zikitambue kirusi cha kule na kukipita cha huku kana kwamba hazijakiona.

MABADILIKO YANATOKA WAPI?

Wengi wenu mko kwaya. Mnajua mambo yalivyo wimbo mpya ukinakiliwa kwa mkono. Wa kwanza anaandika sawa. Wa pili anaruka neno. Wa tatu ananakili kosa la wa pili na kuongeza lake. Mwaka ukiisha, sauti ya kwanza wanaimba neno moja na sauti ya nne wanaimba lingine, na kila mtu anaapa kwamba daftari lake ndilo sahihi.

Kirusi nacho huongezeka kwa kunakiliwa. Maandishi yake yote ni herufi 9,700 hivi. Anayeyanakili ni protini moja ya kirusi ambayo hapa tutaiita mnakili. Yeye hana macho mazuri, na hasomi tena alichoandika. Katika kila nakala chache anaacha kosa. Kwa mtu ambaye hatumii dawa, virusi vipya vinaweza kufika bilioni 10 kwa siku moja. Hesabu wewe mwenyewe ni makosa mangapi hayo.

Makosa mengi yanaharibu kirusi na kinakufa. Lakini kosa likiangukia kwenye vitanzi vya koti, kirusi kinaendelea kuishi, na tena kinafaidika, kwa kuwa askari waliokuwa wamezoea koti la jana hawalijui la leo.

KOO ZA VIRUSI

Makosa hayo yamejikusanya kwa miaka mingi na kuzaa koo. Mahali virusi hivi vilipoanza kuenea sana ni Kinshasa, katika Kongo. Damu ya zamani zaidi inayojulikana kuwa na kirusi hiki ilitolewa huko mwaka 1959, na mpaka leo Kongo ndiko kwenye koo nyingi kuliko mahali pengine. Kutoka huko, virusi vilitoka vichache vichache kufuata njia za watu: reli, mito, barabara za malori, ndege. Kila kirusi kilichofika mahali na kuenea kilizaa ukoo wa mahali hapo.

Koo hizi hupewa herufi: A, B, C, D, F, G, H, J, K na L. L ndio wa mwisho kutambuliwa, mwaka 2019. Hapa Kenya wenye virusi wengi wana ukoo wa A. Wengine wana D, wengine C, na wengine wana mchanganyiko. Uganda wana A na D. Ethiopia na nchi za kusini mwa Afrika wana C, nao peke yake ni karibu nusu ya virusi vyote duniani. Ulaya magharibi na Marekani kuna B zaidi.

Tuseme wazi jambo moja hapa. Herufi hii si ya kabila, wala ya rangi, wala ya dhambi. Mzungu akiambukizwa na mtu mwenye A, atakuwa na A. B iko Marekani kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufika huko. Hakuna sababu nyingine.

Tofauti ni kubwa kiasi gani? Ukilinganisha miiba ya koo mbili, shanga kama 35 katika kila 100 zinaweza kuwa tofauti. Lakini ukifungua kirusi na kulinganisha vyombo vilivyo ndani, tofauti ni ndogo zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kichwa chetu: koti linabadilishwa, mifupa inabaki.

JE, TOFAUTI HIZI ZINATUDHURU?

Hatutaki kuwadanganya. Ndiyo, ziko zenye maana.

Kwanza, watafiti wa Uganda na wa Kenya wameona kwamba mtu mwenye D, asipotumia dawa, huelekea kuzidiwa haraka kuliko mwenye A. Sababu moja inayotajwa ni umbo la kofia: virusi vya D hujifunza mapema zaidi kutumia kile kitasa cha CXCR4.

Pili, miaka ya 1990 vipimo vya kwanza vya kuhesabu wingi wa virusi vilitengenezwa kwa kufuata ukoo wa B. Vilipoletwa Afrika vilihesabu A pungufu. Vipimo hivyo vilirekebishwa.

Tatu, mwishoni mwa miaka ya 1990, Kampala, akina mama walipopewa tembe moja tu ya nevirapini wakati wa kujifungua, usugu wa dawa ulionekana zaidi kwa wenye D kuliko kwa wenye A. Siku hizi mama hapewi tembe moja na kuachwa. Anaanzishiwa dawa kamili na anaendelea nazo.

Kwa hivyo mnaona kwamba uvumi ule ulikuwa na chembe ya ukweli. Lakini chembe si debe.

MIFUPA YENYEWE

Ndani ya kirusi kuna wafanyakazi watatu. Wa kwanza ni yule mnakili. Wa pili ni mchomekaji, ambaye anachomeka maandishi ya kirusi ndani ya maandishi ya askari wetu. Wa tatu ni mkasi, ambao hukata protini ndefu iwe vipande vya kujenga virusi vipya.

Hawa hawawezi kubadilika wanavyotaka. Fikirini mashine ya kusaga posho. Unaweza kuipaka rangi ya kijani leo na nyekundu kesho, na unga utatoka. Ukigusa mawe na mshipi wake, utalala njaa. Ndivyo ilivyo pale mahali pa kufanyia kazi katika mnakili, mchomekaji na mkasi. Katika A, B, C na D, mahali hapo panafanana sana.

Na hapo hasa ndipo dawa zinapouma. Kopo ambalo wengi hupewa sasa lina dawa tatu katika tembe moja. Tenofoviri na lamivudini zinamzuia mnakili. Dolutegraviri inamzuia mchomekaji. Dawa hizi hazishughuliki na koti.

Wala msifikiri zilijaribiwa kwa Wazungu peke yao. Dolutegraviri ilijaribiwa Kameruni na Afrika Kusini, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa watu 464 ambao dawa zao za kwanza zilikuwa zimeshindwa. Kati ya waliopewa dolutegraviri, watu kama 90 katika kila 100 walikuwa wamedhibiti virusi baada ya mwaka mmoja. Kisha ikaja sindano ya kila miezi miwili. Hapo watafiti walikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya ukoo wa A, basi wakaijaribu Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512, wengi wao wakiwa na A. Matokeo ya mwaka 2024 yalikuwa mazuri: kama 97 katika kila 100 walidhibiti virusi, sawa na waliomeza tembe.

Kipimo cha kidole nacho ni vivyo hivyo. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya sehemu za kirusi zisizobadilika sana, kama kipande fulani cha lile shina, gp41. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba vipimo vingine vilikuwa vikikosa kundi moja la mbali, liitwalo O, linalopatikana hasa Kameruni. Watengenezaji wakaongeza sehemu za kundi hilo. Kwa koo zetu za A, C na D, kipimo cha dispensari kinatosha.

MBONA CHANJO IMECHELEWA?

Chanjo nyingi hufundisha askari kutambua koti la adui. Hapa adui ana makoti maelfu, na hata ndani ya mtu mmoja hubadilisha. Ndiyo shida.

Nairobi imechangia sana katika kazi hii. Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walifuatilia wanawake wa Pumwani ambao baadhi yao walikutana na kirusi mara nyingi bila kuambukizwa. Kutokana na mafunzo hayo, Nairobi na Oxford walitengeneza chanjo iliyofuata ukoo wetu wa A, nayo ikaanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikudhuru watu, lakini kinga iliyoleta ilikuwa dhaifu. Afrika Kusini walijaribu chanjo ya ukoo wa C, ikasimamishwa mwaka 2020. Nyingine, iliyochanganya vipande vya koo nyingi, ilijaribiwa kwa wanawake 2,600 wa nchi tano za kusini mwa Afrika, na mwaka 2021 ikaonekana haitoshi.

Lakini pale koti liliposhinda, mifupa imetupa nafasi. Ndani ya kirusi kuna ganda lenye umbo la pembe, lililojengwa kwa vipande zaidi ya 1,000 vya protini moja vinavyoshikana kama vigae. Kigae kikibadilika vibaya, paa zima linaanguka, kwa hivyo ganda hili halitofautiani sana kutoka ukoo hadi ukoo. Dawa ya sindano iitwayo lenakapaviri inalishika ganda hilo. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini, ambao hawakuwa na virusi. Waliopata sindano hiyo kila miezi sita walikuwa 2,134. Matokeo yalipotoka mwaka 2024, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameambukizwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa kinga. Hii si chanjo, maana haifundishi askari, na ni lazima irudiwe. Hata hivyo ni jambo kubwa.

SASA SISI TUFANYE NINI?

Moja. Anayetumia dawa asiache, na asiruke siku. Dawa ikiwa nusu, mnakili anapata nafasi ya kuandika, na siku moja kosa lake litaangukia mahali pale dawa inaposhika. Huo ndio usugu. Karibu kila mara si ukoo wa kirusi unaoishinda dawa. Ni siku zilizorukwa.

Mbili. Aulize kuhusu kipimo cha wingi wa virusi na apimwe kwa wakati. Hicho ndicho kinachosema kama dawa inafanya kazi katika mwili wake. Huhitaji kujua herufi ya ukoo wako ili upate nafuu. Tena mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hicho, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

Tatu. Mume na mke wakiwa wote wana virusi, wasiseme "sisi tumeshakuwa nayo, tuache kujikinga na dawa tuzipumzishe." Mombasa watafiti waliona wanawake waliokuwa na ukoo mmoja wakaambukizwa ukoo wa pili. Koo mbili zikikutana katika askari mmoja zinaweza kubadilishana kurasa, kama madaftari mawili ya kwaya yaliyoshonwa pamoja. Wote wawili wakimeza dawa vizuri, hatari hiyo inapungua sana.

Nne. Mwanakikundi akiacha kuja, afuatwe nyumbani, tena kwa upole. Tusimfuate ili tumhesabie makosa. Tukae naye, tumsikilize alichosikia, kisha tumweleze habari hii ya koti na mifupa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni uvumi gani kuhusu dawa ambao umesikika katika kijiji chetu? Ni sehemu gani ya uvumi huo iliyo na ukweli, na ni ipi isiyo na ukweli?
2. Kwa maneno yetu wenyewe, na kwa lugha ya nyumbani, tutamweleza mzee asiyejua kusoma vipi tofauti ya koti na mifupa ya kirusi?
3. Ni nini kinachowafanya wenzetu waruke siku za dawa: njaa, aibu, nauli au kazi? Kikundi kinaweza kusaidia katika lipi?

Mkishajadili, mtuandikie mliyoamua, na maswali yaliyobaki myalete kliniki ama kwetu. Lile kopo lililo chini ya kitanda, mwenyewe alitoe na kulipeleka kliniki. Akaseme kweli ni siku ngapi ameacha, ili apimwe na aanzishwe tena. Hajachelewa.